Bango la kubadili matumizi limewekwa kwenye viwanja vitatu Mikocheni: tuanzie wapi?

Nyumba ya Kona (mleta uzi)
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kwa wenye uelewa wa mipango miji. Mtaani kwetu Mikocheni, Dar es Salaam, kuna viwanja vitatu vya makazi vilivyopakana. Wiki hii limewekwa bango la kusudio la kubadili matumizi kwenda biashara: maduka, ofisi, na maegesho chini ya ardhi. Barabara ni ya vumbi, magari mawili yakipishana moja linapanda ukingoni. Wapo wanaotaka tukusanye saini tumpelekee diwani, wapo wanaotaka mahakamani moja kwa moja. Tushike lipi, na tuandike nini?

Mchoro Mkononi
Mahakamani bado, mkuu. Hakuna uamuzi uliotolewa, mtapinga nini? Pigeni picha bango leo hii, namba za viwanja na tarehe zisomeke. Siku ya mwisho ya pingamizi hiyo ndiyo kalenda yenu.

Barua iende kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kinondoni, nakala kwa Afisa Mipango Miji, diwani, mtendaji wa kata na serikali ya mtaa. Chukueni nakala ya ziada igongwe muhuri wa masijala wenye tarehe, mrudi nayo. Bila muhuri huo hamna ushahidi kwamba mliwahi.

Saini mia chini ya neno "hatutaki" hazina uzito. Kila mwenye nyumba aandike namba ya kiwanja, sharti la matumizi lililo kwenye hati yake, na athari anayoiona. Kabla ya hapo ombeni kuona mchoro wa mipango miji wa eneo na Mpango Kabambe wa Jiji (master plan) wa 2016–2036. Kama eneo tayari limepangwa biashara, hoja ya "hapa ni makazi" imekufa. Mnabaki na ukubwa wa jengo, maegesho na majitaka. Wakiwanyima nyaraka, andikeni ombi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Wanatakiwa kujibu ndani ya siku 30, kwa hiyo msingojee. Ombi na pingamizi viende pamoja.

Bomba la Nchi Nne
Hoja ya majitaka isipite juu juu. Kama mtaa hauna bomba la majitaka, ulizeni karo (tangi la majitaka) na shimo la kunyonya vitakaa wapi. Mchanga wa huko masika unajaa maji, na shimo lililozungukwa na maji halinyonyi. Wakisema gari litavuta, pigeni hesabu nao: jengo likitoa lita 60,000 kwa siku, gari la lita 10,000 lije mara sita kila siku, kwenye barabara hiyo hiyo ya vumbi.

Pia kubadili matumizi ni mlango mmoja tu. Tathmini ya Athari kwa Mazingira ni wa pili, kibali cha ujenzi ni wa tatu. Mkishindwa wa kwanza, mshauri wa mazingira bado anapaswa kukusanya maoni yenu. Mpeni kwa maandishi, na nakala iende NEMC, baraza la taifa la mazingira. Na kama kuna kiwanja kinachogusa mto au ufukwe, kumbukeni katazo la shughuli za kudumu ndani ya mita 60, liko kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004.

Nyumba ya Kona
Asanteni sana. Tumeitwa kikao cha mtaa Jumamosi na kuna karatasi ya mahudhurio. Tusaini?

Mchoro Mkononi
Hapo ndipo wengi hupotea. Hudhurieni, ila kila ukurasa uwe na kichwa cha habari "Mahudhurio" na tarehe kabla kalamu haijagusa. Karatasi tupu yenye majina inaweza kubandikwa nyuma ya muhtasari unaosema wananchi wameridhia. Ombeni muhtasari usomwe kabla ya kufunga kikao, na mpewe nakala.

Penseli na Timazi
Hayo maegesho ya chini ndiyo yananitia hofu kuliko maduka. Kuchimba kwenye mchanga wenye maji kunahitaji pampu usiku na mchana. Maji yakishuka, ardhi ya jirani nayo inashuka. Pampu ikivuta na mchanga, msingi wako unabaki hewani. Visima vya karibu na bahari vinaweza kugeuka chumvi.

Dai ripoti ya udongo na mchoro wa ukuta wa kuzuia shimo. Nyumbani kwako, piga picha kila ukuta kabla hawajachimba, rula ikiwa pembeni ya ufa. Chora mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande wa ufa, andika umbali na tarehe. Weka na kibandiko cha plasta ya Paris juu yake: kikikatika, ufa unatembea. Bila rekodi hiyo utaambiwa nyufa zilikuwepo zamani.

Kanzu ya Wakili
Wakiidhinisha, kesi ya kawaida dhidi ya halmashauri inataka ilani ya siku 90, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na ifunguliwe Mahakama Kuu. Ni utaratibu wa tangu marekebisho ya 2020. Mapitio ya mahakama ni njia nyingine: mnaomba ruhusa kwanza, ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Huko jaji anaangalia kama utaratibu ulifuatwa na kama mlisikilizwa, hapimi kama jengo ni zuri. Ndiyo maana ile nakala yenye muhuri wa masijala msiitoe mkononi; toeni nakala kivuli.