Mrejesho: mirija ya kioo ya rangi na namba za kutanuka

Niliuliza kama mrija wa rangi wenye namba ya kutanuka 90 (namba inayoonyesha kioo hutanuka kiasi gani kikipata joto) utaungana kwa kuyeyushwa na wa borosilikati, kioo kinachostahimili joto, wenye 33. Jibu ni hapana, na asanteni mlionisukuma nipige hesabu. Namba hizo huzidishwa kwa 10⁻⁷ kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Anayeandika 3.3 badala ya 33 anatumia 10⁻⁶, kioo ni kilekile. Kipande cha milimita 100 kikipoa kwa nyuzi 500, borosilikati husinyaa milimita 0.165, lakini cha 90 husinyaa 0.45. Kiungo hakivumilii tofauti hiyo. Hupasuka, pengine baada ya siku kadhaa.

Namba kulingana pia hakutoshi, kwa sababu hupimwa kwenye joto la chini, mara nyingi nyuzi 20 hadi 300, ilhali mkazo, yaani mvutano ndani ya kioo, huanza kujengeka kioo kinapoganda, juu ya hapo. Kwa hiyo jaribu: yeyusha vipande vya vioo hivyo viwili ubavu kwa ubavu, vuta uzi mwembamba, uache upoe. Ukipinda, vioo havilingani, na upande wa ndani wa pindo ndio unaosinyaa zaidi.

Kwa muuzaji ulizeni namba pamoja na masafa ya joto, kipenyo cha nje, unene wa ukuta, na kama rangi imeingia ndani ya kioo au imepakwa tu. Rangi iliyopakwa tu haifai kwa kazi ya moto.