Naomba ushauri: nimepampu polaritoni kwa mstari zinatoa mwanga wa mviringo, ni kifaa au ni spini?

Kaviti_baridi:
Habari zenu wakuu. Sampuli yangu ni mikrokaviti ya GaAs (semikondakta ya galiamu na aseniki), visima vya kwanta, yaani tabaka jembamba linalonasa elektroni, katikati ya vioo viwili vya tabaka tabaka, iko kwenye kriostati (chombo cha baridi kali). Polaritoni zake ni mchanganyiko wa mwanga na msisimko wa elektroni. Napampu kwa leza yenye polaraizesheni ya mstari (uga wa mwanga unatikisika kwenye mstari mmoja), tena kwa pembe, mwanga unatawanyika mpaka unajaza pete nzima ya k, yaani momenta ya polaritoni kwenye bapa la sampuli. Sasa nikiweka pleti ya robo wimbi na polaraiza upande wa kupokea, nikitoa sigma minus kwenye sigma plus (mwanga wa mviringo wa pande mbili za kuzunguka), pete inagawanyika vipande vinne, plus minus plus minus. Mwenzangu maabara anasema pleti imekaa vibaya, mimi naona kuna jambo la spini hapo ila sina cha kumuonyesha. Nipime nini ili nitofautishe?

Pseudospini:
Mkuu hongera, hiyo inafanana kabisa na spin Hall ya mwanga (spini kutengana kufuata mwelekeo wa k), wanafizikia Kavokin, Malpuech na Glazov waliitabiri 2005 na 2007 ikaonekana maabara. Iko hivi, ndani ya kaviti TE na TM (mwanga wenye uga wa umeme wima kwa k, na wenye uga wa sumaku wima kwa k) hazina nishati sawa ukishatoka kwenye k sifuri, na pengo linakua kadiri k inavyokua. Polaritoni inayotoa mwanga ina spini mbili tu, +1 na -1, kwahiyo lile pengo linafanya kazi kama uga wa sumaku uliolala bapa, na mwelekeo wa uga unazunguka mara mbili ya pembe ya k. Spini inayumba kuuzunguka huo uga kama pia ya kuchezea. Ukiingiza mstari, spini nayo imelala bapa, uga ukiikatiza unainyanyua au unaishusha, na juu au chini ndo mviringo wenyewe unaouona.
Piga hesabu kidogo: pengo likiwa mikroelektronivolti 100 mzunguko mzima ni kama pikosekunde 41, robo mzunguko 10. Polaritoni ikiishi pikosekunde 10 tu inatosha kabisa kugeuza mstari kuwa mviringo.

Zungusha_pampu:
Nakazia hapo juu. Kipimo ni rahisi mno, zungusha polaraizesheni ya pampu digrii 45, vipande vyote vizunguke 45 pamoja nayo. Ukifika 90 plus na minus zibadilishane. Halafu angalia pete pale k ilipo sambamba na polaraizesheni ya pampu na pale ilipo wima kwayo, mviringo lazima uwe sifuri. Na pleti usiipe pole bure, pitisha leza ya mstari moja kwa moja kwenye njia ya kupokea bila sampuli, ukiona mviringo hapo basi pleti ina kesi ya kujibu.

Kaviti_baridi:
Asanteni sana aisee! Nimezungusha 90 zimebadilishana, na bila sampuli mviringo hauonekani. Ila vipande viwili ni hafifu kuliko vingine, hilo nalo?

Pseudospini:
Hivyo viwili vinatazamana au vimekaa jirani? Vikitazamana, yaani plus zote hafifu au minus zote, shuku mkazo ndani ya kristali, unaweka pengo la nishati hata kwenye k sifuri, na uga wake haujali pembe ya k, kwahiyo unaongeza huku unapunguza kule. Vikiwa jirani anza na mpangilio wa lenzi. Ukiweza zungusha sampuli yenyewe, uga wa mkazo utazunguka pamoja nayo.

Zungusha_pampu:
Na pampu iwe dhaifu kwanza mkuu. Polaritoni za spini moja zinasukumana kwa nguvu, za spini tofauti nguvu yao ni ndogo na mara nyingi zinavutana, kwahiyo ukipandisha pawa na pampu ikawa na uduaradufu kidogo tu (mstari wake umechanganyika na mviringo) mstari unaanza kuzunguka wenyewe na hapo hutajua kipi ni TE-TM kipi ni msukumano. Pima pawa ndogo, ongeza taratibu, na kila hatua chukua Stokes zote tatu (vipimo vya polaraizesheni: mstari wima-lala, mstari wa mshazari, na mviringo) usiishie kwenye mviringo.