Kazi ya chuo naipenda, lakini nyumbani nashindwa. Nifanyeje?

BintiFuoni:
Assalam aleikum ndugu zangu. Mie ni karani wa mitihani katika chuo kimoja hapa Unguja, mwaka wa sita sasa. Saa za kazi zinajulikana, 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri. Shida ni simu. Mwisho wa muhula kundi la WhatsApp la idara halilali. "Orodha ya mwaka wa pili vipi?" Saa tano za usiku hizo. Juzi mwanangu wa skuli ya maandalizi alilala na sare akinisubiri nimvue, mie nimo kwenye kompyuta naingiza alama. Baba yake alimbeba akampeleka kitandani, hakusema kitu.

Kazi yenyewe naipenda kweli. Mwanafunzi akija alama zake hazionekani, nikazitafuta mpaka zikapatikana, furaha yake inanitosha siku nzima. Kuhama sitaki. Namwambiaje mkuu wangu bila kuonekana mvivu?

Mtu wa Chake:
Pole dada. Sheria inasema saa 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ni ovataimu. Mpelekee kifungu.

Baraza ya Jioni:
Hiyo ni sheria ya Bara ya 2004, huku haitumiki. Sisi tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na watumishi wa umma wana yao, Namba 2 ya 2011. Asome kwanza mkataba wake na kanuni za chuo. Na vifungu asivitangulize, mkuu atajiona kashitakiwa.

Mhadhiri:
Bi Fuoni, nami nafundisha chuo. Nisikufiche, usiku wako tunausababisha sisi. Tarehe ya kukabidhi alama inafika, wengine ndiyo kwanza tunaanza kusahihisha, na kikao cha bodi ya mitihani hakisogezwi. Siku tulizozila sisi unazilipa wewe. Usiombe kupunguziwa kazi. Omba alama zifike siku tano kabla ya kikao, na aliyechelewa aulizwe yeye, si karani.

Mama Wawili:
Na weka daftari wiki mbili: ujumbe upi umekuja saa ngapi, na upi kweli usingengoja asubuhi. Mimi nilifanya hivyo, mkuu wangu alishangaa mwenyewe.

BintiFuoni:
Ahsanteni sana. Mhadhiri, sikuwahi kulitazama hivyo, miaka yote nikidhani mie ndiye mzito wa mikono. Jumatatu namwona mkuu kuhusu hiyo tarehe tu, daftari litafuata. Nitarudi niwaambie kasemaje.