Pikipiki ya magurudumu matatu: mkanda unatetema na betri inaisha chaji, je, matatizo haya yana uhusiano?

Tatu_Barabarani ameandika:

Ndugu zangu, ninamiliki pikipiki ya magurudumu matatu, mawili yakiwa mbele na moja nyuma, ambayo gurudumu lake la nyuma huzungushwa kwa mkanda wenye meno badala ya mnyororo. Wiki tatu zilizopita nilibadilisha tairi la nyuma kwa mikono yangu mwenyewe, na tangu siku hiyo nimekuwa na matatizo mawili ambayo sijui kama yametokana na kazi ile au yamekutana kwa bahati mbaya tu.

La kwanza ni mkanda. Nikifika mwendo wa kilomita 100 hadi 115 kwa saa, mtetemo mkali hupanda hadi kwenye sehemu za kuwekea miguu, nao hutoweka nikiongeza au nikipunguza mwendo. Nikienda polepole husikia mlio mwembamba kama wa ndege anayelia mtini. Wakati wa kurudisha gurudumu nilikaza boliti za kurekebishia za kushoto na kulia kwa idadi sawa ya mizunguko, lakini sasa naona mkanda umeegemea ukingo wa ndani wa sproketi ya nyuma, yaani gurudumu lenye meno ambalo mkanda hulizunguka.

La pili ni betri, ambayo ni ya ampia-saa 21 na ina umri wa miaka mitatu. Nikiiacha pikipiki siku tano bila kuiwasha, stata hutoa mlio wa tak-tak tu. Mara ya mwisho niliiwasha kwa msaada wa betri nyingine, na kioo cha dashibodi kikajaa maonyo, likiwemo la usukani wa umeme, huku injini ikikataa kabisa kupanda mwendo. Hata hivyo nilipoipima betri saa moja baada ya safari ilisoma volti 12.5, jambo ambalo limenichanganya. Fundi mmoja amenishauri nikaze mkanda hadi mtetemo uishe, na ninunue betri mpya. Kabla sijatoa fedha, ningependa kusikia maoni yenu.

Spana_Kumi ameandika:

Ndugu, naomba usikaze mkanda hadi mtetemo uishe, kwa sababu hautaisha, utahama tu. Sehemu ya mkanda iliyo kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma ni kama uzi wa gitaa: ina kasi yake ya asili ya kutetema, na mapigo yatokanayo na mzunguko wa gurudumu na injini yakifikia kasi hiyo, mkanda huanza kucheza. Ndiyo maana unausikia mtetemo katika mwendo fulani tu na haupo chini wala juu yake. Ukikaza, unausogeza mtetemo uende kwenye mwendo mkubwa zaidi, na huku ukiitwisha beringi ya shafti inayotoka kwenye giaboksi mzigo ambao haikuumbwa kuubeba. Ukilegeza kupita kiasi, meno ya mkanda yanaweza kuruka unapoondoka kwa nguvu au unaporudi nyuma ukiwa na mzigo. Kwa hiyo kipimo sahihi ni kile kilichoandikwa katika kitabu cha matengenezo cha mashine yako, wala si kile ambacho mwili wako unakiona kuwa kizuri ukiwa juu ya kiti.

Kupima si kazi ngumu. Vipo vipimo vya mkono vinavyobonyeza mkanda na kusoma nguvu yake moja kwa moja, na zipo programu za simu zinazosikiliza sauti ya mkanda ukiugonga kwa kidole na kukuonyesha hezi zake, yaani mara ngapi unatetema kwa sekunde. Mimi hutumia simu, lakini kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau: mvutano hupanda kwa mraba wa hezi. Hezi zikiongezeka maradufu, mvutano umeongezeka mara nne. Na kosa la asilimia 5 tu katika kusoma hezi ni kosa la takriban asilimia 10 katika mvutano. Kwa hiyo pima mara tano au sita, ukizungusha gurudumu kidogo kila baada ya kipimo, na uchukue sehemu iliyokaza zaidi kuwa ndiyo mwongozo wako, kwa kuwa hakuna sproketi iliyo duara kamili. Pima mashine ikiwa imepoa, kwa maana vyuma vilivyopata joto hutanuka na kukudanganya. Soma pia kama kitabu chako kinataka kipimo kichukuliwe gurudumu likiwa chini au likiwa limeinuliwa, kwani mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu la nyuma ukining'inia umbali kati ya sproketi hubadilika.

Kuhusu kuegemea upande, idadi sawa ya mizunguko ya boliti haina maana yoyote kama boliti hazikuanza mahali sawa, na ni nadra kuanza mahali sawa. Legeza nati ya ekseli kiasi cha kuiruhusu isogee, si zaidi. Inua gurudumu la nyuma kwa jeki imara, weka gia katika nyutro, kisha lizungushe kwa mkono kuelekea mbele mizunguko kadhaa huku ukiutazama mkanda. Mara nyingi mkanda hukimbilia upande uliolegea, kwa hiyo ukikaza boliti ya kushoto utauona ukienda taratibu kulia. Sogeza boliti kwa upande mmoja tu wa kichwa chake chenye pande sita, yaani sehemu ya sita ya mzunguko, zungusha tena, tazama tena. Unachotafuta ni mkanda unaokaa karibu na ukingo bila kuusukuma; mimi hupitisha kipande cha karatasi ngumu kati ya mkanda na ukingo, na kikipita bila kukwaruzwa hapo huridhika. Ukishamaliza, kaza nati ya ekseli kwa spana ya kupimia nguvu kufuatana na kitabu, kisha upime mvutano na mkao wa mkanda upya. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa sababu kule kukaza nati kwenyewe huivuta ekseli na kubadilisha ulichokipanga kwa saa nzima.

Onyo moja, na nalisema kwa kuwa niliwahi kulifanya: usizungushe gurudumu la nyuma kwa injini likiwa hewani. Kompyuta ya mfumo wa uthabiti hulinganisha mwendo wa magurudumu yote matatu, na ikiona la nyuma linakimbia huku ya mbele yamesimama, itaamini kuna hitilafu na kuifungia injini katika hali ya kujilinda.

Vumbi_Jekundu ameandika:

Nakubaliana na Ndugu Spana_Kumi, ila ongeza mambo mawili madogo. Mlio kama wa ndege mara nyingi ni wa mkanda unaosugua ukingo wa sproketi au wa vumbi lililojibana kwenye meno; osha mkanda kwa maji na sabuni laini, uuache ukauke, na usipake mafuta wala dawa ya mnyororo ya aina yoyote. Pili, ukiwa hapo chini angalia sproketi ya mbele. Ukiona unga mwekundu kama kutu umejipaka kuzunguka nati yake, ujue sproketi inacheza juu ya meno ya shafti na vyuma vinalana. Hilo haliponi kwa kurekebisha mkanda, na usipoliwahi linaweza kuipeleka shafti yenyewe.

Hasi_Kwanza ameandika:

Niruhusuni nizungumzie betri, ambayo naona imehukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Ndugu Tatu_Barabarani, kipimo chako cha volti 12.5 saa moja baada ya safari hakisemi mengi, kwa sababu betri iliyotoka kuchajiwa hubaki na volti za juu juu zinazoshuka taratibu. Iache usiku kucha bila kuigusa, kisha pima. Kwa betri ya risasi ya volti 12, kati ya 12.6 na 12.8 imejaa, 12.4 ina takriban robo tatu, 12.2 imebaki nusu, na ikifika 11.9 imekwisha. Baada ya hapo mwombe mtu awashe stata huku wewe ukiwa umeshikilia vidole vya multimita (kifaa cha kupimia umeme) juu ya ncha za betri zenyewe, si juu ya boliti za nyaya. Betri yenye afya iliyojaa haipaswi kushuka chini ya volti 10 hivi kwa joto la kawaida. Ikishuka hadi 8 au 9 ilhali ulikuwa umeichaji vizuri, hapo unaweza kuanza kuishuku. Injini ikishawaka, ongeza mafuta kidogo ili izunguke haraka kuliko ikiunguruma yenyewe, na upime tena: kati ya 13.5 na 14.5 mfumo wa kuchaji unafanya kazi.

Maonyo uliyoyaona kwenye dashibodi usiyaogope sana. Mashine za aina hii zina usukani unaosaidiwa na mota ya umeme pamoja na kompyuta kadhaa zinazozungumza kila wakati, na volti zikizama wakati stata inapovuta, kompyuta moja hupoteza sauti ya mwenzake na kuripoti hitilafu ambayo haipo. Nimeona watu wakitafuta ubovu wa usukani kwa siku mbili ilhali tatizo lilikuwa boliti ya hasi iliyofungwa kwa vidole. Kwa hiyo usinunue kifaa chochote cha usukani kabla betri haijathibitishwa.

Sasa swali la msingi: kwa nini inaisha baada ya siku tano? Ama betri haishiki chaji, ama kuna kitu kinaifyonza. Kutofautisha ni rahisi. Ichaji hadi ijae kwa chaja ya takriban ampia 2, fungua waya wa hasi, iache siku moja ikiwa peke yake, pima. Ikibaki juu ya 12.6, betri haina kosa kubwa na mnyonyaji yuko kwenye mashine. Mtafute kwa kuweka multimita kati ya waya wa hasi na ncha ya hasi, ikiwa kwenye kipimo cha ampia 10, swichi ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa. Mwanzoni utaona mkondo mkubwa kwa kuwa kompyuta zimeamka. Subiri dakika kadhaa zilale. Usiwashe swichi wala stata katika hali hiyo, utaunguza fyuzi ya multimita. Ikionyesha zaidi ya miliampia 50 baada ya kutulia, una kazi ya kufanya: chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Miliampia 50 tu, katika betri yako ya ampia-saa 21, hula ampia-saa 1.2 kwa siku na kuifikisha nusu katika siku tisa hivi.

Je, wakati wa kubadilisha tairi ulifungua betri au uligusa waya wowote?

Tatu_Barabarani ameandika:

Nashukuru sana, hasa kwa swali hilo la mwisho, kwa sababu ndilo lililofungua fumbo. Nilipokuwa nikiondoa vifuniko vya pembeni ili nifikie ekseli, waya wa kuchajia simu ulikuwa unanizuia. Nikaukata kwenye waya uliokuwa ukipata umeme swichi ikiwashwa tu, na wakati wa kurudisha nikauunga moja kwa moja kwenye betri kwa kuwa ndiko kulikokuwa karibu. Nimepima kama ulivyoelekeza: miliampia 90 baada ya dakika ishirini za kusubiri. Nilipouchomoa zikashuka hadi 12. Nimepiga hesabu, na miliampia 90 kwa siku tano ni karibu ampia-saa 11, yaani nusu ya betri.

Nimegundua pia kwamba boliti ya hasi ilikuwa inageuka kwa mkono. Nilipopima kati ya ncha ya hasi ya betri na bodi ya injini wakati wa kuwasha nilipata volti 0.9, baada ya kusafisha na kukaza imekuwa 0.15. Betri yenyewe imekaa siku moja ikiwa imefunguliwa na bado inasoma 12.7, na stata inaishusha hadi 10.4 tu. Maonyo yote ya dashibodi yametoweka baada ya kuwasha mara mbili. Sinunui betri.

Kuhusu mkanda, nilikuwa nimeukaza kwa zaidi ya theluthi moja juu ya kipimo cha kitabu. Nimeulegeza, nimeupanga kwa karatasi, na mlio wa ndege umekoma. Sproketi ya mbele haina unga mwekundu. Mtetemo umepungua sana, ingawa karibu na kilomita 95 kwa saa bado nahisi kitu kidogo. Nimesikia watu wakifunga gurudumu dogo linalogusa mkanda ili kuuzima. Je, ni jambo la busara?

Spana_Kumi ameandika:

Ni busara ukilielewa linavyofanya kazi. Gurudumu hilo halipunguzi mvutano. Linagawanya ule uzi mrefu kuwa nyuzi mbili fupi, na uzi mfupi hutetema kwa kasi kubwa zaidi ambayo mwendo wako wa kawaida haufikii. Kwa hiyo lisilazimishwe kuusukuma mkanda, liuguse tu, na ukitaka kupima hezi baadaye liondoe kwanza, la sivyo simu itasoma urefu usio sahihi na utajikuta umelegeza mkanda ambao haukuwa na kosa. Kaza boliti zake kwa gundi ya nyuzi za boliti, kwani ziko mahali penye mtetemo mwingi. Mimi ningeendesha kilomita mia tano kwanza bila hilo gurudumu, nikapima tena, kisha ndipo niamue.