Tupeane uzoefu: ndege ziliposimama wakati wa korona, wewe wa Kusini ilikukutaje?

Mwana wa Shangani
Wakuu, habari za jioni. Jana barazani hapa Mtwara mzee mmoja kasema kusimama kwa ndege mwaka 2020 kuliwahusu watu wa Dar na Zanzibar, sisi tuliisikia redioni tu. Nikanyamaza, ni mkubwa wangu. Lakini nimeshindwa kulala.

Yangu ni hii. Mama alikuwa apelekwe India kwa ajili ya moyo. Hela ya korosho ikaingia humo, shangazi akatoa bangili zake, tukakata tiketi mbili kwa wakala, safari mwisho wa Machi. Tarehe 22 Machi India ikafungia ndege za abiria kutoka nje. Aprili 11 na sisi tukasitisha za kimataifa. Nikamfuata wakala, naambiwa hela hairudi, kuna vocha ya kusafiria baadaye. Vocha ya kwenda wapi, na huko kumefungwa? Kijana wa watu naye macho mekundu, shirika halipokei simu zake.

Baadaye nikaja kuelewa kwamba mashirika mengi duniani yalifanya hivyohivyo. Tiketi unayolipia leo kwa safari ya mwezi ujao ndiyo inayonunua mafuta ya leo. Abiria wote wakidai kwa pamoja, kapu halina kitu. Kwa hiyo mimi mkulima wa Nanyamba niliikopesha kampuni ya ndege, tena bila riba!

Leteni za kwenu.

Gando la Kilwa
Mkuu, mimi ilinikuta kabla yako, Januari. Nanunua kaa wazima, tunafunga magando kwa kamba, tunapanga kwenye matenga na majani mabichi, usiku gari inakwenda Dar, huko wanapandishwa ndege kwenda China. Mwaka mpya wa Wachina unaangukia mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo ni bamvua, maji yanajaa na kupwa sana, kaa wanapatikana. Ndiyo siku za kuvuna. Mwaka ule ilikuwa Januari 25. Nilikopa kwa tajiri nikakusanya kaa wa mikoko yote.

Januari 23 Wuhan ikafungwa. Mahoteli yakafunga, watu hawatoki ndani, nani ale kaa? Tajiri akanipigia alfajiri: "Usilete." Neno moja. Kaa mimi ninao, wanapumua, na kaa akifa hana bei. Nikazungusha mitaani kwa bei ya kutupa. Nyumbani tulikula kaa mpaka watoto wakaomba dagaa. Deni nimelimaliza mwaka juzi.

Stakabadhi Ghalani
Poleni, ila tusikuze mambo. Korosho inapanda meli. Oktoba 2020 minada ilikuwepo, tukauza. Na anga letu lilifunguliwa Mei 18, hata miezi miwili haikufika. Na hata lilipofungwa, ndege za mizigo ziliruhusiwa. Huyo wa kaa tatizo lake China, si ndege.

Kuli wa Terminal
Mzee wangu Stakabadhi, kwa heshima zote, hapo kwenye mizigo nikuchomekee kitu, nilikuwa napakia Dar miaka hiyo. Kabla ya korona karibu nusu ya mizigo ya anga duniani ilisafiri tumboni mwa ndege za abiria. Wewe umekaa juu na soda yako, chini kuna samaki, maua, dawa. Abiria wakikatazwa, lile tumbo nalo halipo. Ruhusa ya mizigo ikabaki ruhusa, nafasi hakuna, na iliyopo bei imepaa. Mwenye barakoa za hospitali anaweza kulipa. Mwenye kaa wa Kilwa hawezi.

Na usidhani wakubwa walikuwa wanaangalia afya tu. Mapema Machi 2020 kuna ndege zilirushwa Ulaya zikiwa karibu tupu, kwa sababu kanuni ilisema usipotumia asilimia 80 ya nafasi zako za kuruka na kutua, msimu ujao wanapewa wengine. Umoja wa Ulaya ukaja kuilegeza kanuni mwezi huohuo. Ujerumani ikaliokoa shirika la ndege la Lufthansa kwa mpango wa euro bilioni 9. Gando la Kilwa alipewa nini?

Gando la Kilwa
Nilipewa dagaa 😂

Binti wa Newala
Mei 18 tulifungua sisi, wenzetu hawakufungua. Mimi nasoma China, nilikuja likizo Januari 2020 na begi moja la mgongoni. Machi mwishoni China ikaamua kila shirika la nje libaki na njia moja, ndege moja kwa wiki. Viza za wanafunzi zikafungwa, zikaja kurudi Agosti 2022. Hesabuni wenyewe. Kipindi cha saa mbili asubuhi kule ni saa tisa usiku Newala. Nilikuwa najifunika blanketi nje chini ya mwembe ndiko mtandao ulikokamata, babu akidhani mjukuu kalogwa. Nguo zangu za bwenini sijui alivaa nani.

Mpita Njia wa Masasi
Agosti 2020 nipo Nairobi. Kenya imefungua anga, Tanzania haimo kwenye orodha yao, Tanzania nayo ikaizuia Kenya Airways. Nairobi hadi Dar, safari ya saa moja na kitu, nikazungushwa Addis Ababa. Nauli niliyolipa, acha tu. Septemba wakapatana, mimi nipo Masasi nakula ming'oko.

Mwana wa Shangani
Dada wa Newala, umenichekesha na kuniliza. Aliyeuliza pembeni kuhusu mama: alitibiwa Dar, kwa basi, na yupo. Vocha iliisha muda. Niliiprinti, ipo kwenye mfuko wa vyeti.

Stakabadhi Ghalani
Sawa, nimeelewa hilo la tumbo la ndege. Gando, siku hizi kilo mnanunuaje? Nina mpwa Somanga amekaa tu.

Gando la Kilwa
Mwambie asubiri bamvua. Na asikope.