Historia za bibi zetu waliofariki mwaka huu kijijini, naanzaje kuziandika?

Mjukuu wa Rombo

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa wote shikamooni.

Nina jambo limenikaa moyoni naomba mawazo yenu. Mimi kwetu Rombo, ile Rombo ya kusini ambayo ukishuka chini kabisa unakutana na Ziwa Chala, ila kazi nafanyia Arusha. Tangu mwaka huu uanze kitongojini kwetu tumezika bibi wanne. Wanne jamani, na mwaka haujaisha. Misiba yote nimeenda na mitatu nilikaa mpaka tunamaliza tanga.

Sasa kilichoniuma ni kila ulipofika muda wa kusoma historia ya marehemu. Ni ileile, unaweza ukabadilisha jina tu. Alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akafunga ndoa takatifu, wakajaliwa watoto 8 wawili wakatangulia, akaanza kusumbuliwa na presha na miguu, akapelekwa hospitali hii akahamishiwa ile, mauti yakamfika saa kumi alfajiri, ameacha watoto 6 wajukuu 31 na vitukuu 9, raha ya milele umpe ee Bwana. Nusu ya karatasi ni ugonjwa! Mtu kaishi miaka 80 na kitu halafu tunasomewa miezi yake mitano ya mwisho.

Mwezi wa sita akafariki mzee mmoja hapohapo kwetu, yake ilisomwa karibu robo saa. Uongozi wa chama cha msingi cha ushirika, ofisi ya kata aliyosimamia ujenzi, vita ya Kagera, mikahawa aliyopanda. Na alistahili kabisa, sipingi. Lakini ile mikahawa nani alikuwa anaipalilia, nani alikuwa anaichuma na kuimenya na kuianika kichanjani, wingu likitanda anaacha chungu jikoni anakimbia kufunika? Kadi ya chama ilikuwa na jina la mzee kwahiyo kahawa ikawa ya mzee mpaka kaburini.

Katika hao wanne mmoja alikuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta. Sisi wote tulimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, nina miaka 34 na jina lake mwenyewe nimelijua siku ile limeandikwa kwenye msalaba. Na huyu ndo alinifundisha kutengeneza ngata ya kuweka kichwani chini ya mzigo nikiwa mdogo, unachukua jani kavu la mgomba unalisokota kama kamba, unalizungusha mara mbili tatu, ile ncha unaichomeka kwa ndani isifunguke. Alikuwa akipanda na majani ya ng'ombe kutoka tambarare, mzigo mkubwa mpaka uso humwoni, anasimama mlangoni kwetu anaomba maji bila kutua. Anainua kikombe taratibu, anakunywa chote, anakurudishia, anaondoka. Sijawahi kuona tone linamwagika.

Mpango wangu ni huu, Desemba watu wote wanarudi nyumbani Krismasi, nataka kuwe na daftari lenye maisha ya hawa bibi wanne, tulisome kwenye jumuiya yetu ya kanisani halafu kila familia ipate nakala yake. Jumuiya wamekubali. Shida ni kwamba sijui pa kuanzia, nikiwauliza watoto wao wananiambia mama alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu, halafu wanaanza kulia na mimi naishia hapo. Aliyewahi kufanya kitu kama hiki anisaidie.

Mwalimu wa Upareni

Marahaba mwanangu, poleni sana na misiba.

Mimi nimestaafu ualimu, nimewaandikia watu historia za marehemu nyingi tu mpaka wakawa wananifuata usiku. Kosa lako ni kuanza na watoto. Mtoto anamjua mama yake kama mama, hajui alikuwa nani huko sokoni na shambani na kwenye ngoma. Tafuta wanawake aliotembea nao. Kila mama kijijini alikuwa na mwenzake wa kwenda sokoni, mwenzake wa kuni, mwenzake wa kanisani, na kama bado yupo mmoja hai basi kitabu chako ndo huyo, mfuate leo usingoje Desemba.

Na usiulize alikuwa mtu wa namna gani, ukiuliza hivyo utajibiwa mcha Mungu. Uliza vitu vya mikono. Alikuwa anaamka saa ngapi? Alikuwa anapeleka nini sokoni, na njia gani, na wakirudi walikuwa wanapumzika wapi? Hela alikuwa anaficha wapi? Mama mkwe wangu alikuwa anafunga pindo la kanga fundo mbili, fundo la juu la chumvi na sabuni, la chini la ada, na lile la chini lilikuwa halifunguliwi hata mume aumwe. Hilo nililijua kwa shoga yake, mume wangu aliyelala nyumba moja na mama yake miaka 20 hakulijua.

Halafu omba wakuonyeshe sanduku. Siyo kupekua, omba kwa adabu, mkwe mkubwa awepo. Sisi tulipofungua la mama mkwe tulikuta chini kabisa, limekunjwa ndani ya kitenge, cheti cha kisomo cha mwaka 1975. Wale wa zamani wanakumbuka, ule mtihani wa taifa wa watu wazima, madarasa ya jioni chini ya mti baada ya kazi zote, mama anakaa na mtoto mgongoni anaandika a e i o u. Hakuwahi kutuambia hata siku moja kwamba alifaulu mtihani. Alikuwa anasoma Biblia tukadhani alijifunza tu kanisani. Cheti hicho sasa kipo kwenye fremu sebuleni kwangu.

Binti wa Taveta

Poleni sana majirani. Mimi ni Mkenya, niko Taveta, na hiyo Ziwa Chala yako ndugu ni yetu pia, mpaka inapita katikati ya maji, kwa hivyo nimesoma hii post nikaona nisipite bila kusema kitu.

Mamangu alikuwa na kibanda soko ya Taveta miaka hiyo na akina mama wa Rombo walikuwa ndio wateja wake na wauzaji wake pia. Mwaka wa 1977 mpaka ukafungwa, ukakaa hivyo hadi 1983. Sasa kwenye karatasi ilikuwa imefungwa lakini tumbo halisomi karatasi. Walikuwa wanakuja usiku kupitia vichakani na ndizi na maharagwe, wanafika alfajiri miguu imejaa miiba, mamangu anawachemshia chai wanalala nyuma ya kibanda kwa magunia mpaka kuchangamke. Kurudi wanabeba sabuni, chumvi, mafuta ya kupika, kwa sababu kwenu wakati huo hata sabuni ilikuwa ni shida. Nilikuwa mdogo lakini kuna kitu kimoja sijasahau, mmoja wao alikuwa anavunja kipande cha sabuni vipande vidogo vidogo anavifunga kiunoni kwa kitambaa chini ya kanga, alisema akishikwa wachukue mzigo wote lakini hiyo ya kuoshea watoto itafika.

Sasa uliza hao bibi zako kama walikuwa wanashuka Taveta. Kama walikuwa wanashuka, basi huku pia kuna watu wanawakumbuka na hamjui. Mamangu alifariki 2019, na kama singeyaona mwenyewe, nani angekuja kuniambia hayo yake?

Mkulima wa Migomba

Wazo zuri mkuu lakini naomba niseme kidogo tofauti na waliotangulia.

Kuwa makini na unachoandika. Hiyo ya magendo ya usiku kuna familia itaona fahari na kuna nyingine itaona umewaaibisha mbele ya jumuiya, hata kama imepita miaka 40 na zaidi. Na kuna mambo mazito kuliko sabuni. Kuna bibi aliolewa kwa kubebwa njiani akitoka kuteka maji, akalia wiki nzima, leo wajukuu wanaimba ndoa takatifu. Kuna aliyezaa kabla. Kuna wale watoto "wawili waliotangulia", ule mstari mmoja kwenye karatasi mama aliubeba maisha yake yote. Hayo mtu alikaa nayo kimya kwa sababu zake, sasa wewe unakuja na simu unarekodi shoga yake akiwa ameshakunywa kata mbili za mbege, ile pombe yetu ya ndizi, unasoma Krismasi. Hapana. Andika, halafu kabla ya kusoma kwa watu kaa na familia uwasomee wao kwanza, wakisema hapa toa, toa. Unaweza kuiweka kwenye daftari lako la ndani.

Ila kuhusu mbege andika yote na usipunguze. Naona historia nyingi zinaruka hapo eti ni pombe. Sisi watano tumesoma kwa mbege ya mama. Ndizi za kuiva zichemshwe kutwa, usiku zipoe, azichuje, apike uji wa ulezi uliomea aliousaga mwenyewe, achanganye na ule uchungu wa gome la mti wa msesewe, alale masaa matatu aamke kuionja. Mara mbili kwa wiki miaka zaidi ya 20. Ile ilikuwa kiwanda na meneja ni yeye na kibarua ni yeye.

Mwalimu wa Upareni

Mkulima nakubaliana na wewe hapo pa kusoma kwa familia kwanza, nilipaswa kusema mwenyewe. Lakini hiyo ya mama aliyebebwa njiani, mimi ningeuliza binti zake. Wapo wanaotaka isemwe. Nimeshazika wanawake watatu ambao binti zao walinisihi niandike na kaka zao wakakata.

Mama Wawili Muscat

Assalam alaykum wote.

Mimi niko Muscat, kazi za ndani, kwetu Lushoto. Mama yangu amefariki mwaka jana mwezi wa nne, sikupata ruhusa ya kusafiri, mazishi niliyaona kwenye vidio ya WhatsApp inakwama kwama, nikiwa nimejifungia chumba cha kufulia. Wamesoma maisha yake sikusikia hata neno, upepo tu na watu wanalia.

Nataka kumwambia huyu kaka kitu kimoja. Kusanyeni voisi. Hawa mama zetu wengi hawawezi kuandika meseji wanatuma voisi. Mimi nilirudi nyuma kwenye simu nikakuta voisi zake 64. Hakuna hata moja ya maana ukisikiliza haraka haraka, ni mvua imeshuka, karoti zimeuzika, mbuzi wa mjomba wako amekula kabichi zangu nimemwambia alipe, mwanao amepoteza kiatu cha shule, kula mwanangu usikae na njaa. Lakini ndo mama yule. Ndani yake unamsikia anahema kwa sababu alikuwa anatuma akipanda mlima kutoka bondeni, kule chini hakuna mtandao. Anasimama kupumzika anasema "ngoja", kimya, halafu anaendelea.

Waambieni watoto na wajukuu wasibadilishe simu kabla hawajazihamisha. Mdogo wangu alibadilisha, za kwake zote zimepotea.

Mjukuu wa Rombo

Nawashukuru wote kwa kweli, dada wa Muscat pole sana, nimesoma yako mara tatu. Nimetuma ujumbe kwenye magrupu ya familia zote nne usiku uleule na mpaka sasa nimepata voisi 11.

Wikiendi nimepanda nyumbani. Nimefanya kama mwalimu alivyosema, nimemtafuta mwenzake wa sokoni wa yule bibi jirani yetu. Yupo, yuko vizuri, nilimkuta anachambua maharage. Nikamuuliza tu, mama, mlikuwa mnashuka Taveta? Akanyamaza. Akamaliza maharage yaliyokuwa kwenye ungo. Halafu akaniuliza nani kakwambia.

Tulikaa kuanzia saa nne mpaka giza. Walikuwa wanashuka watatu, njia ya Chala, na aliyekuwa mbele siku zote ni jirani yetu kwa sababu alikuwa haogopi giza. Binti wa Taveta, anakumbuka chai! Anasema kulikuwa na mama mnene mwenye kibanda alikuwa anawawekea maziwa mengi, siwezi kujua kama ndo mama yako lakini nimeandika.

Na yapo mengine sikuyajua kabisa. Miaka ya tisini yule bibi alizika watoto wake watatu ndani ya miaka minne, mnajua ulikuwa ugonjwa gani, dawa za bure zilikuja 2004 wao walishaondoka. Akabaki na wajukuu 6. Niliwajua wale watoto, nimecheza nao mpira wa makaratasi, sikuwahi kujiuliza kwanini wanaishi kwa bibi. Ile mizigo miwili ya majani kwa siku ilianza hapo, mmoja wa ng'ombe wake mmoja wa kuuza. Akija kuomba maji kwetu ule ulikuwa mzigo wa pili. Alikuwa hatui kwa sababu akitua hakuna wa kumtwisha tena, hayo ndo maneno ya mwenzake.

Jingine, kwenye historia ilisomwa kazaliwa 1946. Huyu mama akasema si kweli, sisi tumebatizwa siku moja mimi na yeye. Nikaenda parokiani, katekista akanifungulia kitabu cha ubatizo, kurasa zimekuwa za njano, kweli yapo majina mawili yamefuatana, mwaka ni 1941. Nimepiga picha ukurasa. Msalaba itabidi tuubadilishe, nimeshaongea na mtoto wake mkubwa amekubali, na ya wajukuu 6 amesema andika yote.

Mkulima, ya Taveta huyo mtoto mkubwa ameomba nimsomee kwanza mdogo wake. Nitamsomea.

Bado bibi watatu. Jumamosi napanda tena kwa huyu mama, amesema mmoja kati ya hao alikuwa mkunga na kuna watu nusu ya kitongoji amewapokea yeye, akaanza kunitajia nyumba kwa nyumba kwa kidole, ile pale, ile ya bati jekundu, ile ya mgomba mkubwa, na kwenu. Ameniambia nije na karatasi nyingi na sukari kilo moja.