Mchungaji akiingia serikalini shida iko wapi? Tuanze na Harry Toulmin wa Kentucky

Wakuu, kila tukijadili dini na siasa hakosi mtu wa kusema wachungaji wabaki kanisani, mbona hata Wamarekani wa mwanzo waliwapiga marufuku. Ni kweli, ila tuangalie walikuwa wanamzuia nani, maana hapo ndo watu wanaruka.

Toulmin alikuwa mchungaji wa Waunitariani, wale wasiokubali Utatu, huko Lancashire Uingereza, enzi ambazo kusali nje ya kanisa la serikali kulikuletea fujo mpaka mlangoni. 1793 akahamia Marekani, akaongoza shule ya Transylvania Seminary pale Lexington, jimbo la Kentucky, Wapresbiteri wakamkomalia sababu ya imani yake, akaachia 1796. Gavana mpya James Garrard, naye mhubiri wa Kibaptisti, akamfanya katibu wa jimbo. Yale maazimio ya Kentucky ya 1798, ya kupinga sheria za kuwafukuza wageni na kuwafunga wanaoikosoa serikali, ukishuka chini kabisa baada ya sahihi ya Garrard unakuta jina la Toulmin. Mhamiaji wa miaka 5 tu anaweka jina kutetea wahamiaji wenzake!

Sasa marufuku yenyewe. Katiba ya Kentucky ya 1792 iliwafungia wachungaji bunge la jimbo, ya 1799 ikawafungia na ugavana. Mnasema ni kutenganisha dini na serikali, sawa, ila kwenye mkutano uleule ulioandika katiba ya 1792 hoja ya kufuta kifungu cha kulinda utumwa iliangushwa kwa kura 26 kwa 16, na wachungaji wote waliokuwemo walitaka kifutwe, Garrard akiwemo. Wenye mashamba ya watumwa wangewapendea nini watu hao?

Najua mtasema Garrard mwenyewe alikuwa na watumwa, na Toulmin alipoenda kuwa jaji kusini alikusanya sheria za Mississippi Territory (eneo lililokuwa halijawa jimbo) na baadae Alabama, za utumwa zimo. Kweli kabisa na inauma, ila hilo hata jaji asiyewahi kushika Biblia angelifanya, na walifanya wengi.

Tennessee nao waliweka marufuku kama hiyo 1796, ikadumu mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta 1978, kesi ya mchungaji wa Kibaptisti.

Kama hofu yenu ni kampeni madhabahuni, zuieni kampeni madhabahuni. Mtu kashavua joho, anaomba kazi ya umma kama wengine, mnamzuia kwa kosa gani?